Mjumbe wa Geneva Ajue Anakokwenda



Mara kwa mara katika mikutano ya matawi hutajwa mji wa Geneva, ulioko Uswisi kando ya ziwa. Huyu husema chama kimpeleke mtu huko, na yule huuliza: Geneva kuna nini, hata fedha ya mkulima ikatumike huko? Sisi twaona maswali yote mawili ni ya haki, na tunapenda kuyajibu pamoja. Shauri letu ni moja, na twalisema mapema ili asiyekuwa na nafasi ya kusoma mpaka mwisho alijue. Chama kisimpeleke mtu Geneva kwa kumtunza wala kwa kumpumzisha. Na akipelekwa, awe amekwisha kuandikiwa na wenyeji kwamba atapokelewa siku fulani, saa fulani, kwa jambo fulani. Barua kwanza, tikiti baadaye.

Kwanza tuseme Geneva ni nini kwetu. Geneva hainunui karafuu kwa magunia. Karafuu yetu nyingi huenda mashariki, Bara Hindi, Singapore, Indonesia na nchi za Ghuba, na anayetaka kuonana na mnunuzi wa magunia hana haja ya kwenda Uswisi. Lakini mna mambo mawili katika mji ule ambayo yamgusa mkulima wa karafuu, ajue asijue.

Jambo la kwanza ni maofisi. Shirika la Biashara Duniani, lililoanza tarehe 1 Januari 1995, liko pale kando ya ziwa. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1964, kazi yake ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa nchi kama zetu wapate kuuza nje, nacho kiko pale. Shirika la Haki Miliki Duniani, ambalo hushughulika pamoja na mambo mengine na ulinzi wa jina la zao kwa jina la mahali litokako, liko pale pia. Mkulima anayetaka karafuu ya visiwa hivi ijulikane kwa jina lake, isichanganywe na ya kwingine, afadhali ajue kwamba mazungumzo ya mambo hayo duniani hufanyika katika mtaa mmoja wa Geneva, na ofisi hizo ni jirani.

Jambo la pili ni manukato. Kampuni ya Givaudan ina makao yake Vernier, mlangoni mwa Geneva. Firmenich ilianzishwa Geneva mwaka 1895, na tangu 2023 imeungana na kampuni ya Kiholanzi ya DSM. Hizi ni miongoni mwa nyumba kubwa kabisa duniani za kutengeneza harufu na ladha. Sabuni unayoogea, dawa ya meno na uturi wa dukani, vingi hupata harufu yake kwa watu wa namna hiyo. Na mafuta ya karafuu, yawe ya karafuu yenyewe, ya makonyo au ya majani, ni katika vitu wanavyovifahamu vizuri sana. Wanachama wa Pemba wanakijua Kiwanda cha Makonyo cha Wawi. Basi wajue pia kwamba wako watu Geneva ambao pua zao ndiyo kazi yao, na ambao wanaweza kumwambia mkulima mambo asiyoweza kuyasikia sokoni.

Hapana shaka mtu atasema: siku hizi barua hufika kwa dakika moja, na watu huonana uso kwa uso juu ya simu, ya nini safari? Hoja hii ina nguvu, na sisi twaikubali kwa sehemu kubwa. Mambo tisa katika kumi yanaweza kumalizwa kwa barua. Lakini harufu haipiti katika simu. Karafuu iliyokaushwa juani siku za kutosha, na ile iliyovunda kwa kurundikwa ikiwa mbichi, hazitofautiki kwa picha kama zinavyotofautika mkononi. Jambo la kumi ndilo linalostahili safari, na ndiyo maana twasema barua itangulie. Kama wenyeji hawakujibu barua, hawatamjibu mtu aliyesimama mlangoni.

Basi aende nani? Twaona aende mtu aliyewahi kupanda mkarafuu, kuchambua na kuanika, na ambaye aweza kuandika alichokisikia. Akiwa hajui Kifaransa wala Kiingereza vizuri, apewe mwenziwe anayejua, na wawe wawili, si watano. Cheo peke yake kisimtoshe mtu. Mwenye cheo asiyejua tofauti ya tumba na makonyo atakaa mbele ya wajuzi wa kazi hiyo akitikisa kichwa, na chama kitakuwa kimelipa tikiti ya kutikisa kichwa.

Baada ya hayo, tunapenda kumpa mjumbe wetu nasaha za safari, kwa utaratibu wake.

Viza. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu 2008 imo katika nchi za Schengen, na mwenye paspoti ya Tanzania lazima apate viza kabla ya kuondoka. Maombi yaweza kupelekwa tangu miezi 6 kabla ya safari, na yasicheleweshwe mpaka zikabaki siku chini ya 15. Sisi twasema miezi miwili kabla, maana ofisi huwa na msongamano. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90. Hutakiwa pia bima ya ugonjwa ya safari isiyopungua yuro 30,000, mahali pa kulala, na barua ya mwaliko. Hapo mwanachama ataona tena faida ya kutanguliza barua. Aulize kwanza ubalozi wa Uswisi ulioko Dar es Salaam ni wapi maombi hupokewa, asiende kwa kusikia.

Wakati wa kwenda. Julai na Agosti watu wengi wa maofisi ya Geneva huenda mapumziko, na sisi wenyewe tunakuwa na msimu juu ya mikarafuu. Mwisho wa Desemba ni sikukuu zao. Mnamo Aprili pana maonyesho makubwa ya saa, Mei hukutana Shirika la Afya Duniani, na Juni mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, na nyakati hizo hoteli hujaa na bei hupanda. Alkhamisi inayofuata Jumapili ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya Geneva peke yake, na mtu aweza kufika akakuta milango imefungwa. Sisi twapendelea Februari na Machi, au Oktoba, baada ya kutazama kalenda kwa ajili ya Ramadhani. Februari ni baridi, na pana upepo wa kaskazi ya mashariki wanaouita *bise* unaokata kama wembe. Koti zito, viatu vilivyofunga na soksi za sufu si anasa huko. Aazime kwa aliyekwisha safari, asinunue Geneva.

Njia. Toka visiwani ndege hubadilishwa njiani, Doha, Addis Ababa au Istanbul. Uwanja wa ndege wa Geneva uko karibu sana na mji, na treni kutoka uwanjani mpaka stesheni kuu ya Cornavin huchukua dakika 7 hivi. Teksi haina haja kabisa. Tena mgeni anayelala katika hoteli ya Geneva hupewa bure kadi ya kupandia basi, tramu, treni ya mjini na hata zile boti ndogo za manjano zinazovusha watu ziwani, kwa siku zote za kukaa kwake. Aiulize hoteli kadi hiyo kwa barua kabla hajaondoka nyumbani, ili imfae tangu uwanjani. Stesheni na maofisi ya mataifa yako ng'ambo ya kulia ya ziwa. Mabenki na mji wa kale yako ng'ambo ya kushoto. Tramu namba 15 humchukua mtu kutoka Cornavin mpaka uwanja wa Nations, mbele ya jumba la Umoja wa Mataifa. Alama yake ni kiti kikubwa cha mbao cha mita 12 chenye mguu mmoja uliovunjika, kilichowekwa mwaka 1997 kuwakumbusha watu ubaya wa mabomu ya kutegwa ardhini.

Fedha. Hapa twaomba kila mwanachama asome kwa makini. Fedha yao ni faranga ya Uswisi, si yuro. Maduka mengi hupokea yuro, lakini chenji hurudishwa kwa faranga, kwa kiwango wanachokitaka wao. Geneva ni katika miji ya ghali kabisa duniani. Mwaka 2020 wananchi wake walipiga kura kwamba mfanyakazi asilipwe chini ya faranga 23 kwa saa, na kiwango hicho kimepanda baadaye. Mtu akijua hayo hatashangaa kwamba kikombe cha kahawa ni faranga 4 au 5, na chakula cha mchana cha kawaida mkahawani ni faranga 20 au 25. Mkulima na achukue bei ya siku ya karafuu daraja la kwanza, aibadilishe kwa faranga, aone mwenyewe ni kilo ngapi zinanywewa kwa asubuhi moja. Sisi hatusemi mjumbe akae na njaa. Twasema ajue kila faranga ni mtu aliyepanda mti.

Ziko njia za kubana matumizi. Maduka ya Migros na Coop yana mikahawa yao ambako mtu hujipakulia na hulipa kidogo kuliko kwingine. Maji ya bomba ni safi, na chemchemi nyingi za mjini ni za kunywa, basi chupa moja aliyoichukua nyumbani yamtosha. Bahashishi si lazima, maana ujira wa mtumishi umekwisha kutiwa katika bei. Hoteli ya chini ya faranga 100 ni taabu kuipata. Wengine hulala Annemasse, ng'ambo ya mpaka katika Ufaransa, ambako tangu Desemba 2019 treni ya Léman Express hufika Cornavin chini ya nusu saa, na viza ile ile yatosha. Lakini huko hapana kadi ya bure ya Geneva, basi apige hesabu zote mbili kabla ya kuamua. Wako wanaosema kulala mahali pa rahisi ni kukiaibisha chama. Sisi twaona kinachokiaibisha chama ni mjumbe aliyelala pazuri akarudi mikono mitupu.

Na kwa kuwa tumeitaja Migros, tunaongeza neno. Duka hilo kubwa ni mali ya ushirika. Lilianza mwaka 1925 kwa magari ya kuuza vyakula mitaani, na tangu 1941 likawa la wanachama wake. Mwaka 2022 wanachama walipoulizwa kama duka lao lianze kuuza ulevi, walipiga kura wakakataa, ijapokuwa faida ingekuwa kubwa. Mjumbe wetu akisimama pale na sinia lake, akumbuke kwamba ushirika ukishikwa vizuri huwa mkubwa namna hiyo, na bado mwanachama huulizwa.

Saa. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mwenyeji wa Geneva akiandika 10.00, hiyo ni saa nne asubuhi kwa hesabu yetu, wala si saa kumi. Akiandika 14.30 ni saa nane u nusu mchana. Tena saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na kwa saa moja wakati wa joto, na hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mjumbe aandike miadi yake katika daftari kwa hesabu yao, na pembeni kwa hesabu yetu. Na miadi ya saa nne ni saa nne. Akichelewa robo saa, huenda akakuta nafasi yake imekwisha, wala hatakasirikiwa. Ataambiwa kwa adabu aandike tena barua. Katika maofisi ya mataifa pana ukaguzi mlangoni, na asiyeandikishwa jina lake hapiti. Achukue paspoti, afike mapema.

Adabu ya mazungumzo. Akiingia, iwe ofisini au dukani, aseme kwanza *Bonjour*, asianze kuuliza kabla ya salamu. Ampe mkono kila aliyemo, na amwite mtu kwa Monsieur au Madame na jina la ukoo mpaka aambiwe vingine. Salamu zao ni fupi. Hawataulizana khabari za watoto, shamba na majirani kama sisi, wataingia katika shughuli mara moja. Hiyo si jeuri, ndiyo desturi yao. Akiulizwa jambo asilolijua, aseme "nitakuandikieni", kisha aandike kweli. Asiahidi tani ambazo hazimo mkononi mwake, wala asiseme bei. Karafuu yetu husafirishwa nje kwa mkono wa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na mjumbe wa wakulima hakwenda kuuza. Amekwenda kusikiliza na kueleza. Wanunuzi wa siku hizi huuliza mambo matatu: usafi na ukavu wa zao, limetoka shamba gani, na nani aliyelichuma na amelipwa vipi. Majibu ya maswali hayo yatoke matawini kabla ya safari, yaandikwe karatasi moja iliyopigwa chapa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Sampuli. Mtu asitie karafuu katika mfuko wa koti akafikiri ni jambo dogo. Kwetu ni magendo, na kwao ni mmea kutoka nchi za mbali. Sampuli zipatikane kwa njia ya sheria kupitia Shirika, ziulizwe vyeti vyake kwa watu wa kilimo na kwa wapokeaji wa huko, na zikiwezekana zitangulie kwa posta, zimefungwa na kuandikwa shamba, daraja na mwezi wa kuanikwa. Kwa njia hiyo siku ya mazungumzo mwenyeji atakuwa amekwisha kuzinusa na kuzipima, na maneno yatakuwa na mahali pa kuanzia.

Chakula na ibada. Chakula chao mashuhuri ni jibini iliyoyeyushwa, iitwayo *fondue*. Mjumbe Mwislamu ajue kwamba hupikwa kwa mvinyo, hata kama haionekani. Maneno *sans porc, sans alcool* maana yake "bila nguruwe, bila ulevi", na ayajifunze kabla ya mengine yote. Akikataa mvinyo mezani hapana atakayechukia. Katika mtaa wa Pâquis, karibu na stesheni, hupatikana vyakula vya halali vya mataifa mbali mbali, ila usiku mtaa ule una mambo yasiyomhusu mjumbe wa chama. Uko msikiti mkubwa Petit-Saconnex, uliofunguliwa mwaka 1978, na si mbali na maofisi ya mataifa. Aangalie ratiba ya sala ya huko, kwa maana mwezi wa Juni jua huchwa yapata saa tatu u nusu ya usiku, na Desemba huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Asifuate mazoea ya kwetu.

Mambo madogo yasiyosahaulika. Plagi zao ni za pini tatu nyembamba, na za kwetu haziingii, achukue kiunganishi. Jumapili maduka hufungwa isipokuwa ya stesheni na uwanja wa ndege. Stesheni pana wezi wa mifukoni, basi paspoti isikae mfuko wa nyuma. Polisi ni 117, gari la wagonjwa ni 144. Akipata jioni moja ya nafasi, akatazame maji yanayorushwa ziwani mita 140 juu. Hapana malipo, na hapana atakayemlaumu.

Tumebakiwa na jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, nalo ni marejeo. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mjumbe alipelekwa na wanachama, na kwa wanachama atarudi. Twapendekeza kanuni hii iandikwe katika daftari la chama: katika siku 14 tangu kurudi, mjumbe atoe khabari ya safari kwa maandishi, iseme alionana na nani, aliulizwa nini, alijibu nini, na kimebaki nini cha kufuatwa, pamoja na hesabu ya fedha na risiti zake. Khabari hiyo isomwe katika kila tawi, si makao makuu peke yake, na ichapishwe katika ukurasa huu. Asiyetoa khabari asipelekwe tena, hata akiwa nani. Na mjumbe wa pili asiondoke kabla barua alizoziahidi wa kwanza hazijaandikwa.

Wako watakaoona kanuni hii ni kali. Lakini mchumaji akipanda mkarafuuni hushuka na pishi zake zikapimwa mbele ya watu, na haoni kwamba amevunjiwa heshima. Twaomba aliyepanda ndege kwa fedha za mchumaji huyo apimwe vivyo hivyo.

Haya ndiyo maoni yetu. Wanachama wenye maoni mengine, khasa waliokwisha safari, waandike kwa katibu wa tawi lao. Tutayachapisha yanayotuunga mkono na yanayotupinga, kabla ya mkutano mkuu.